Noti za Mwendo

Daftari hili lina doa la mafuta ya breki
na mwandiko wangu wa penseli, unaorukaruka
kwa kuwa niliuandika gari likitembea:
*Kulia nne, ndefu, inabana.
Mita themanini. Kilima, shika kushoto.
Kushoto sita kwenye migunga, usipunguze.*

Namsomea kaka yangu kwa Kiswahili,
lugha ya jikoni kwetu, mama aliyokuja nayo
kutoka Wete na sanduku moja la bati.
Washindani wakitazama video zetu
hudhani tunaombeana dua.
Pengine ndivyo.

Neno ni moja, noti:
kuna ya kusoma na kuna ya kulipa.
Ya kusoma, penseli ya baisa mia yatosha.
Ya kulipa ndiyo iliyotufikisha hapa.
Tairi la changarawe lilikuwa riali sabini,
sasa ni mia na kumi,
na wadi ya Samad inatafuna sita kwa siku,
haijashiba.
Biju, fundi wetu, mtu wa Kerala,
ameunga shokomzoba ile ile mara tatu
na kila akiizima mashine ya kuchomea
huigusa kidogo, kama anayepima homa.
Mundhir ameuza zamu yake ya falaji,
nusu saa ya maji ya Jumanne
aliyoirithi kwa babu.
Hakumwambia mtu. Mitende ndiyo iliyosema.

Na watu?
Watu wanakuja tangu alfajiri na magari yao marefu,
birika, halua, mikeka,
wanatandika nje ya kona, palepale
gari linapotupa mkia.
Tunawapenda. Bila wao ni vumbi na kelele tu.
Husogea hadi wauone uso wa dereva,
wakaruka nyuma dakika ya mwisho, wakacheka.
Mama anasema ni mchezo wa ng'ombe,
kwao Pemba utamu wake ni kukwepa.
Lakini, mama,
ng'ombe anakuona.

Mwaka huu, kwenye ile kushoto sita,
mimi sikuona kitu.
Msoma noti hana njia, ana ukurasa.
Nilisikia gari likikohoa, likapiga chenga,
likarudi.
*Endelea kusoma*, akasema Mundhir
kwa sauti nisiyoijua.
Nikasoma. Kulia tatu. Daraja. Jiwe ndani.
Tulipoteza sekunde nne.
Usiku, kwenye kioo cha simu, ndipo nilipomwona:
mtoto wa miaka tisa, kanzu ya samawati,
katikati ya njia, ameinama
kuokota kofia.

Tulirudi kesho yake na pikapu.
Njiani palibaki kobazi moja, la kushoto,
dogo kuliko kiganja cha Biju.
Tuliuliza nyumba hadi nyumba.
Anaitwa Azzan. Alilipokea, akauliza
kama tunaweza kumpandisha.

Sasa barua ya kamati iko juu ya friji:
uzio kilomita tatu,
walinzi arobaini, ambulensi mbili,
helikopta moja, iruke isiruke,
na gharama zigawanywe kwa timu.
Timu zilikuwa ishirini na sita.
Tumebaki kumi na moja.
Mundhir anasema wafukuze watazamaji wote, basi,
tushangiliwe na mbuzi.
Kisha ananyamaza, kwa sababu yeye
ndiye aliyemwona yule mtoto kwa macho,
na bado, akilala, mguu wake wa kulia
unakanyaga shuka.

Sijui kama tutakimbia.
Kwenye hesabu pana upungufu wa riali elfu mbili
na mia nne, nimezijumlisha mara tano.
Lakini leo, nyumba imelala,
nimefungua ukurasa wa kushoto sita.
Palipoandikwa *usipunguze*
nimefuta kwa raba mpaka karatasi ikawa nyembamba,
taa ya jikoni ikapenya upande wa pili.
Halafu nikaandika neno
ambalo sijawahi kuliweka katika noti: *watu*.
Vumbi la raba limenijaa magotini.
Bado sijapanguza.